Tatizo Lake

Mkwe wangu ni kipa wa mpira. Watu humwita Gundi. Wengi hudhani jina hilo ni la mikono yake, kwamba mpira ukifika pale hauondoki. Sivyo. Jina lilitoka kibandani kwangu.

Mimi ni fundi viatu. Alikuja akiwa kijana, njumu mkononi, soli inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nikamwambia aache, aje kesho.

"Mzee, mechi ni leo jioni."

"Basi cheza peku."

"Kipa hachezi peku, mzee. Nikipiga mpira kitaruka kidole, mpira ubaki."

Nikacheka. Nikapaka gundi, nikaifunga soli kwa kamba, nikamwambia akae asubiri ikauke. Hakukaa. Alizivaa njumu mbichi hivyo hivyo akakimbia. Kesho yake akarudi, mguu mmoja kandambili, mwingine bado una njumu. Gundi ilikuwa imepenya ndani ikakamata soksi, soksi ikakamata mguu. Alikuwa amelala nayo.

Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Alimtazama yule kijana, akatazama mguu, akacheka mpaka akakaa chini. "Gundi mwenyewe huyu," alisema. Jina likatoka pale, likaenda uwanjani, halikurudi tena.

Binti yetu alikuwa amefuatana na mama yake. Akaleta maji ya moto na kisu butu, akapiga magoti akambandua taratibu. Yaliyofuata sikuyaona. Nilikuwa nashona.

Naandika habari zake kwa sababu redio ilimweleza kwa neno moja tu. Mtu si neno moja.

Gundi ni mtu wa aibu. Ukimwona langoni, ana mabega kama mlango, hutaamini. Lakini akifungwa goli hapigi kelele wala halaumu mabeki. Huinama akafunga kamba za viatu. Kamba hazikufunguka. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifunga kabla ya mechi, fundo langu halifunguki. Ni kwamba hataki watu wamwone uso. Akimaliza kamba ya kushoto hufunga ya kulia, kisha husimama, na uso umekwisha kurudi mahali pake. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Akivunja kikombe, kamba. Akikosa nauli, kamba. Mke wangu alimzoea. "Mwacheni afunge," alikuwa akisema. "Akisimama atasema."

Walioana. Walipanga vyumba viwili mtaa wa pili na wetu. Mwaka wa kwanza watu walitania, mtoto lini, kama watu wanavyowatania maharusi. Baadaye wakaacha kutania. Hapo ndipo tulipojua wameanza kusema.

Shangazi yake Gundi ndiye aliyesema hadharani. Tulikuwa tumekaa wote, mazungumzo yakaja kwenye majirani wenye husuda. Mke wangu akasema, kujifariji tu, "Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe."

Shangazi akajibu, "Kweli, dada. Ndiyo maana wa kwenu hata changarawe hawajautupia."

Binti yangu alikuwa anapita na sinia la vikombe. Hakuna kikombe kilichogongana. Nilimwonea fahari. Halafu niliona mke wangu amekunja kanga yake mkononi mpaka vidole vimebadilika rangi.

Wakaenda hospitali, wote wawili. Waliporudi walipitia kwetu. Mke wangu hakungoja waketi.

"Daktari kasemaje?"

Binti alitazama sakafu. Gundi akainama, akashika kamba za viatu.

"Kasema tatizo lake si kubwa, mama," alisema akiwa bado ameinama. "Lina dawa."

Mke wangu alimgeukia binti, akamshika mashavu yote mawili. "Umesikia, mwanangu? Tatizo lako si kubwa. Lina dawa."

Gundi akahamia kamba ya pili.

"Nimesikia, mama," binti akasema.

Nyumba yetu ikaanza kuwa na harufu. Mke wangu hakuamini vidonge peke yake. Kidonge, alisema, hakina mizizi, kitashikaje? Kuna mama mmoja sokoni anauza mizizi na magome. Mke wangu akawa mteja wake. Alinunua na chungu kipya kwa kazi hiyo, akakataza kisipikiwe kitu kingine. Kila juma alichemsha. Mvuke wake ulikuwa unatoa machozi, mpaka mimi nahama na kiti changu nje hadi upungue. Binti alikuwa anakuja na mumewe. Mumewe hubaki sebuleni nami, yeye huingia jikoni. Alikunywa amesimama, mkono mmoja ukutani.

"Ziba pua, meza, usifikiri," mama yake alikuwa akimwambia.

"Ni chungu, mama."

"Mtoto mtamu."

Hata juma moja hakukosa. Sebuleni Gundi alikuwa akitazama mlango wa jikoni, hasemi kitu. Nilidhani anamhurumia mkewe. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha mke wangu akaugua yeye. Moyo. Aliugua kwa haraka, kama mtu aliyeitwa. Kitandani bado alisimamia chungu. Aliniagiza mimi nikoleze moto, mimi nipime maji, na sikuwahi kupika kitu maishani mwangu. Neno lake la mwisho halikunihusu. Alifungua macho akauliza, "Amekunywa?"

Nikasema, "Amekunywa."

Akafumba. Miaka arobaini ya ndoa, na tuliagana kwa dawa ya mtu mwingine.

Baada ya maziko chungu kilibaki jikoni. Mizizi iliyobaki ilikuwa ndani ya kopo, juu ya rafu. Sikugusa. Binti akija alikuwa akifagia kukizunguka.

Msimu ule Gundi alicheza vizuri kuliko wakati wowote. Mechi kubwa ya mwisho alidaka penalti. Watu walimbeba. Walipomtua, watu wawili wenye vitambulisho shingoni walimchukua wakampeleka chumba cha pembeni, wampime mkojo. Ni jambo la kawaida kwa wachezaji wa ligi. Wakamuuliza, "Umetumia dawa yoyote siku hizi?" Akasema, "Sijatumia." Wakafunga mkojo ndani ya chupa mbili, wakaondoka nazo.

Majuma yakapita. Asubuhi moja nashona mkoba wa shule, redio ya kinyozi jirani yangu ikasema kipa anayejulikana kwa jina la Gundi amekutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, amesimamishwa mpaka kesi yake isikilizwe.

Kinyozi alizima mashine kichwani mwa mteja. Nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina.

"Mzee. Mkwe wako anavuta nini?"

"Havuti."

"Redio imesema dawa."

"Hata kikohozi kina dawa," nikamwambia. Lakini mkono wangu ulikuwa umejichoma sindano.

Mtaani neno dawa lina sura mbili, ya hospitali na ya vichochoroni. Watu walichagua ya vichochoroni. Wengine wakasema ni ya mganga, kwamba penalti ile haikudakwa na mikono. Baadaye magazeti yakaandika jina la ile dawa, jina refu, na muuza duka la dawa akawafafanulia watu kwa hiari yake. Ni vidonge wanavyopewa wanawake wasioshika mimba. Wanariadha wanaume huvitafuta kwa siri, alisema, kwa sababu vinaamsha nguvu za mwili. Ndiyo maana vimekatazwa.

Hapo kicheko kikabadilika sauti.

"Mzee," kinyozi alisema, "Gundi akikaribia kujifungua uniambie, nimnyoe kwanza."

Niliona aibu ya namna mbili. Mkwe wangu anachekwa kama mwanamke, na tumbo la binti yangu linatajwa kwenye kiti cha kinyozi.

Gundi akaomba chupa ya pili ifunguliwe. Ilifunguliwa mbele yake. Ikasema kama ya kwanza.

Ndipo mwanasheria wa timu akaja kibandani. Kijana msafi, viatu vyeusi vimeng'arishwa mpaka unajiona. Aliketi kwenye kigoda changu, magoti yakafika kidevuni.

"Mzee wangu, nitasema kwa ufupi. Wakiamini alizitafuta dawa hizi makusudi, wanamfungia miaka minne. Kwa umri wake ndiyo kwaheri. Lakini zikiwa dawa za mkewe, zikachanganyika na vidonge vyake vya kichwa, akameza bila kujua, hiyo ni bahati mbaya. Miezi michache, anarudi."

"Zilichanganyika?"

"Ndivyo tutakavyoeleza. Wewe hutaambiwa useme uongo wowote, mzee. Sema unachokijua tu. Marehemu mke wako alikuwa anamtibu binti?"

"Alikuwa."

"Kwa muda mrefu?"

"Mpaka alipokufa."

"Safi sana."

Nikamtazama. Akaelewa alichosema, akashika tai yake. "Samahani, mzee. Pole sana."

Nilikubali kwenda kutoa ushahidi. Ilikuwa kweli tupu, niliijua kwa pua yangu.

Gundi alikuja kwangu kabla ya siku ya kesi. Hakupita njia kubwa, alipita nyuma ya mabanda, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikaa muda mrefu anatazama viatu vya watu.

"Baba, si lazima uje."

"Ni lazima. Ni mtoto wangu, na wewe ni mtoto wangu."

"Watakuuliza mambo ya ndani."

"Na waulize. Hakuna asiyeyajua."

Akafungua mdomo. Kisha akainama kufunga kamba. Alikuwa amevaa kandambili. Alikaa vile ameinama, vidole havina cha kushika, nami nikaangalia pembeni nikajifanya natafuta nta.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida. Meza ndefu, jagi la maji, feni inayolia. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo. Kulia kwake daktari mzee. Kushoto kwake mwanariadha wa zamani, mwembamba, hatulii kitini. Upande mmoja kuna binti mmoja anaandika kila neno. Sijawahi kuona kikohozi cha mtu kikiandikwa, ila nadhani aliandika na changu.

Waliniita kwanza. Nilisimama. Mwanasheria akaniuliza, nikajibu.

Nilisema mbele ya watu nisiowajua kwamba binti yangu hapati mtoto. Nilisema mama yake alimchemshia mizizi. Waliniuliza alikunywa vipi, nikaeleza chungu, mvuke, mkono ukutani. Nilieleza hata yale maneno, ziba pua, meza, usifikiri. Mwanariadha akatabasamu, kisha akaacha. Nilisema mke wangu aliuliza kwa mara ya mwisho, amekunywa. Mwenyekiti akasema nikae, akasema asante baba.

Baba hasemi tumbo la bintiye. Nilikaa nikainamisha kichwa, na tangu hapo nikawa naona viatu tu chini ya meza. Vya mwenyekiti vilikuwa vimelika upande mmoja. Vya daktari vilikuwa vikubwa kuliko miguu. Binti yangu alikuwa amevaa vile vya harusi. Nilivishona mimi.

Wakamwita yeye.

"Dada," mwanasheria alisema kwa upole, "vidonge vilivyokuwa juu ya kabati, chumbani kwenu, vilikuwa vya nani?"

Nilijua jibu. Walikuwa wamelifanyia mazoezi, neno moja. Vyangu.

Viatu vya harusi vilisogea kidogo. Vikanigeukia mimi. Kisha vikageuka tena mbele.

"Vyake," alisema.

Mwanasheria alicheka kidogo. "Anamaanisha, mheshimiwa, vya—"

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Vyake nani?"

Feni ililia. Swali dogo kama hilo. Mke wangu hakuliuliza siku ile ya hospitali. Mimi sikuliuliza. Shangazi hakuliuliza. Tulisikia "lake" tukachagua wenyewe mwenye nalo, na tulichagua upesi, bila hata kufikiri.

Nikaona mikono ya Gundi inashuka mpaka kwenye viatu vyake. Akafunga ya kushoto. Watu wote wakamngoja, wakadhani imefunguka. Akafunga ya kulia. Akasimama.

"Vyangu," alisema. "Mimi ndiye mgonjwa. Mke wangu alipimwa, ni mzima. Ni mzima tangu siku ya kwanza."

Mwanasheria alimvuta mkono wa shati. "Kaa chini."

"Nimekaa chini muda mrefu, kaka."

Daktari mzee akavua miwani. Alisema kweli dawa hiyo huandikiwa pia wanaume wasiozalisha, akauliza aliyemwandikia ni nani. Gundi akamtaja daktari wa hospitali, akasema yuko tayari kuja kuthibitisha. Daktari mzee akauliza kwa nini basi hakuomba ruhusa. Ruhusa ipo, alisema, mchezaji mgonjwa anaomba, wanaitazama, wakati mwingine wanakataa, lakini anaomba.

"Ombi linapita kwa daktari wa timu," Gundi alijibu. "Daktari wa timu anakula na kocha. Kocha anataniana na wachezaji. Ningelala mgonjwa niamke nimekuwa wimbo."

"Na siku ya kipimo uliulizwa kama umetumia dawa."

"Wenzangu walikuwa mlangoni."

"Kwa hiyo ukadanganya."

"Pale nilidanganya kwa mdomo," alisema. "Nyumbani nilidanganya kwa kunyamaza."

Akanigeukia. Nilijua kwa sababu viatu vilinigeukia. Aliita, "Baba." Sikuweza kuinua kichwa. Kuna mambo mkwe na mkwe hawasemeani mpaka mmoja amzike mwenzake. Pale yalisemwa yote, na yule binti wa pembeni akayaandika.

Nilikuwa namfikiria marehemu. Ule mvuke. Ile safari ya sokoni, anarudi na magome ndani ya kanga, anapumua kwa shida, moyo tayari umeanza. Alimtibu mtu mzima. Mgonjwa alikuwa sebuleni na mimi, anangoja kikombe kiishe.

Tulipotoka nje mwanasheria alikuwa akifungua na kufunga mkoba wake. "Ulikuwa na miezi mkononi," alimwambia Gundi. "Umeitupa. Umedaka penalti ukaitia wavuni mwenyewe."

Gundi aligeuka. Mkewe alikuwa ameshatangulia barabarani, peke yake, anatembea haraka kwa viatu vile vya harusi.

Walimfungia miaka miwili. Walisema wanaamini alikuwa akijitibu, daktari wa hospitali aliwaeleza, lakini hakuomba ruhusa na alipoulizwa alikana. Kwa kipa wa umri wake, miwili na minne ni ndugu. Timu ikavunja mkataba. Glavu zake zikaletwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama nguo za mtu aliyefia hospitali.

Na wimbo ulikuja, kama alivyosema. Wavulana waliuimba uwanjani, ukafika mtaani kwetu: Gundi inashika mpira, mimba haishiki. Ni wimbo mzuri, unaingia kichwani. Siku moja nilijikuta nagonga nyundo kwa mapigo yake, nikaweka nyundo chini nikafunga kibanda mapema.

Kinyozi aliuimba binti yangu akiwa anapita. Hakumwona. Alipomwona alikuwa amefika kwenye "mimba."

Binti yangu alisimama. "Wewe una watoto watano, kaka," alisema, "na kichwa cha mtu bado unakiacha kama shamba lililoliwa na mbuzi."

Wateja walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio. Kinyozi hakuimba tena, angalau mimi nikiwepo.

Aliingia kibandani kwangu akaketi. Nikamwuliza nililokuwa nikiliogopa.

"Ulijua tangu hospitali?"

"Nilijua. Nilikuwa pale daktari akisema."

"Na ukanywa."

"Mama alifurahi nikinywa."

"Ungemwambia."

"Halafu amtazameje?" aliuliza. "Wewe unamjua mama. Angempakulia chakula kwa jicho gani? Alimpenda kama mtoto wake, baba. Nikaona bora mimi ninywe." Akachukua kiatu cha mtu akakigeuza geuza. "Nilidhani atasema mwenyewe. Kila juma nilidhani, leo atasema, ataingia jikoni aseme. Nilikuwa nakunywa polepole nimpe nafasi."

"Una hasira naye."

"Ninayo. Lakini ilikuwa yangu mimi. Sikutaka iwe ya mtaa."

"Mbona basi kule hukusema 'vyangu'?"

"Nilikwenda niseme. Nilikubali kabisa. Halafu wewe ukasimama ukaanza kueleza chungu cha mama." Alirudisha kiatu mahali pake. "Nikaona nikisema 'vyangu', nitakuwa nimemnywesha na mama ule uongo."

Muda mrefu Gundi hakuja kwetu. Binti alikuja peke yake, akafagia akaondoka. Sikumuuliza. Na mimi sikujua ningemtazama vipi. Sikuwa na hasira sana. Ilikuwa aibu, na sikujua ni ya nani. Niliona aibu yake yeye, niliona aibu ya mke wangu aliye kaburini, kwamba jitihada yake yote watu sasa wanaicheka, mama aliyempa dawa asiyeumwa.

Alikuja mchana mmoja na mkewe. Alisimama mlangoni kama siku ya kwanza.

"Hodi, mzee."

Mzee. Alikuwa amerudi kuniita hivyo.

"Pita," nikasema.

Hakuketi sebuleni. Alipita moja kwa moja jikoni, mahali ambapo hakuwahi kuingia wakati wa dawa. Nikamfuata. Alitazama chungu. Akafikia rafu akashusha kopo la mizizi, akafungua, akanusa, akafumba macho.

"Naomba nichemshe," alisema.

"Ya nini?"

"Ilikuwa yangu."

Nilikaa kwenye kigoda. Alikoleza moto, akapima maji, mikono ile mikubwa imeshika kata kama yai. Mvuke ukapanda. Harufu ile ikajaa nyumba nzima na mimi sikuhama na kiti. Nilikaa pale nikatoa machozi, na kwa bahati kila mtu alikuwa akitoa.

Akamimina kikombeni. Akasimama, mkono mmoja akaweka ukutani. Palepale. Ukuta una alama, rangi imeng'aa kwa kiganja cha binti yangu. Kiganja chake kilifunika alama yote.

"Mama alikuwa anasemaje?" aliuliza.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nikajibu mimi.

"Ziba pua, meza, usifikiri."

Akaziba pua. Kikombe kikafika mdomoni. Ndipo mkewe alipokuja akakichukua mkononi mwake, kwa nguvu, nusu ikamwagikia sakafuni.

"Ukinywa usichokijua, wakija kukupima tena?" alimwambia. "Nisimame mbele ya meza ile mara ya pili? Viatu nilivyobaki navyo ni hivi."

"Siwezi kunywa hata kimoja?" alisema. "Wewe umekunywa vingapi?"

"Vyangu nimevimaliza. Vyako utavimaliza kwa kusema. Kwa shangazi yako. Leo, si kesho. Na unikute nimesimama pale pale sebuleni kwake unaposema."

Alitoka nje akamwaga kikombe. Akarudi, akachukua chungu, akakimwaga chote, akachukua kopo, akalimwaga pia. Gundi aliinama. Nikadhani kamba. Alikuwa anafuta sakafu, kwa kitambaa, palipomwagika. Alifuta mpaka pakakauka, kisha akaendelea kufuta.

"Basi, inatosha," nikamwambia. "Sakafu haina kosa."

Akainua uso. Safari hii ulikuwa bado haujarudi mahali pake, na hakuuficha.

"Baba," alisema, "nilimwacha mama akaondoka hajui."

"Ndiyo," nikasema. "Ulimwacha."

Sikuwa na la kumpunguzia. Hakuomba nimpunguzie. Alichukua chungu akaenda nacho bombani, akakisugua kwa mchanga na majivu, nikasikia kwa muda mrefu ile sauti ya kusugua. Alipokirudisha binti yangu alikinusa, akasema kimesafika, akatia maharage ndani yake. Nilitaka kusema kimekatazwa. Sikusema.

Tulikula kabla hawajaenda kwa shangazi. Kijiko cha kwanza tulitazamana wote watatu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameonja.

"Bado yana uchungu," binti yangu alisema.

"Kidogo," nikasema.

Akamwongezea mumewe sahani. Alikula yote.